Kipima sukari cha kubandika mkononi: kizuri, ila manesi mmh

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Baba ana sukari miaka mingi, figo zikafeli, sasa anasafishwa damu hapa Mtwara, masaa manne kwenye mashine. Kaka akatuma toka Dar kile kidude cha kubandika mkononi, kinakaa wiki mbili, unasoma kwenye simu hutoboi kidole kila saa.

Sasa siku moja hivi, msimu wa korosho, wodi imejaa watu wa Newala na Tandahimba, baba yuko kwenye mashine simu ikaanza kulia, sukari 3.1, iko chini mno, na mshale unaangalia chini, yaani bado inashuka. Namuita nesi, binti mdogo tu, ananijibu "We dada zima hiyo kelele, hayo madude ya mtandaoni sisi hatuyatambui". Nikamwambia sista basi mtoboe kidole uhakikishe, eti kapimwa asubuhi ilikuwa 9. Asubuhi! Mtu ambaye figo zimekufa insulini, ile ya kushusha sukari, inachelewa kuisha mwilini, na mashine nayo inaweza kuondoka na sukari, ndo maana sukari inawashuka palepale kitandani, hiyo kaniambia daktari wao wenyewe.

Baba jasho shati chapachapa, anaongea Kimakonde mambo ya shamba la Naliendele tuliloliuza zamani. Akapita sista mmoja mtu mzima, hakuuliza kitu, katoboa kidole 2.6, akasukuma dekstrozi, yale maji ya sukari, kwenye mpira wa mashine, haikupita robo saa mzee anaulizia wali. Ndo akaniambia "Mwanangu hiki kitu kizuri, ila kinapima maji ya chini ya ngozi, kinachelewa nyuma ya damu, na akiulalia mkono kinasema imeshuka kumbe haijashuka. Kikilia niite nitoboe".

Kwa hiyo nyota tano. Au nne, maana usiku kweli kinalia hovyo, baba anaulalia mkono huohuo na wa pili hatuwezi kubandika, ndo wenye mshipa wa mashine. Na bei yake jamani, wiki mbili zinaisha kabla hujapumua, tatu zinatosha. Ila siku ile bila hicho kidude saa hizi ningekuwa naandika mengine, haya tano.

Yule binti simpi hata moja. Juzi kanifuata koridoni, sauti laini, eti dada kinauzwa wapi, mama yake ana sukari. Nimemwelekeza, shingo upande.