apt-file: jaribio la kwanza kabla ya kupiga Ubuntu upya

Programu inagoma kufunguka kwenye Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta), tamino (dirisha la kuandikia amri) inaandika "error while loading shared libraries: libncurses.so.5". Kwenye meza za mafundi wa Mwanjelwa na Uyole, Mbeya, wapo wanaokimbilia kupiga Ubuntu upya. Ni kazi bure, kwa sababu maktaba hiyo (faili la msimbo ambalo programu hulitegemea) haikuwamo kwenye diski ya usakinishaji tangu mwanzo. Kinachotakiwa ni kujua imo kwenye pakiti gani (furushi la kusakinisha programu), na kwa swali hilo apt-file ndiyo zana ninayoipa alama za juu. Amri ya dpkg -S haifui dafu hapa, maana inapekua pakiti zilizokwisha kusakinishwa tu.

Anza na ldd ./programu | grep "not found". Ujumbe wa kosa hutaja maktaba moja, ila ldd huzitoa zote zinazokosekana kwa mkupuo. Kama programu imetoka kwenye flashi usiyoiamini, tumia objdump -p badala yake na usome mistari ya NEEDED, kwa kuwa ldd inaweza kuiendesha programu yenyewe. Kisha:

sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search libncurses.so.5

Kwenye Ubuntu 22.04 jibu ni libncurses5. Isakinishe kwa apt, amri ya Ubuntu ya kusakinisha pakiti, kazi imekwisha.

Kasoro yake kubwa ni bando. Hiyo update huvuta orodha za makumi ya megabaiti, na kwa mtu wa Makete anayetegemea intaneti ya simu hilo si dogo. Ifanye penye Wi-Fi. Baada ya hapo kutafuta hakuhitaji mtandao.

Ikikaa kimya, usiilaumu: pakiti haimo kwenye hazina (ghala za mtandaoni za pakiti) za toleo lako. Ubuntu 22.04 imehamia OpenSSL 3 (maktaba za usimbaji fiche), hivyo libssl.so.1.1 hutaipata humo. Tafadhali usiunge libssl.so.3 kwa ln -s (njia ya mkato) ukaipa jina la zamani! Programu itaishia kulalamika kuwa OPENSSL_1_1_0 haionekani, kwani ndani mambo yamebadilika. Tafuta toleo jipya la programu yenyewe.

Maktaba uliyoijenga mwenyewe ikakaa /usr/local/lib haiihusu apt-file. Hapo endesha sudo ldconfig ili mfumo uitambue. Na kama amri ya file inaonyesha programu ni ya biti 32, endesha kwanza sudo dpkg --add-architecture i386, sasisha apt na apt-file, halafu sakinisha pakiti ukiongeza :i386 mwishoni mwa jina lake.