Studio ya picha Makoroboi iliyomrudishia Baba vidole viwili

Mwezi Julai, siku chache kabla ya Siku ya Mashujaa, nilimleta mwanangu wa miaka saba Mwanza kutoka Dar es Salaam ili aonane kwa mara ya kwanza na babu yake, ambaye wanaitwa jina moja. Baba alipigana Vita vya Kagera, na kumbukumbu pekee aliyobaki nayo ni picha isiyo na rangi aliyopigwa mwaka 1979 baada ya kurejea, akiwa amevaa sare na mkono wa kushoto ameuweka kifuani. Picha hiyo ilikuwa imegandana na kioo cha fremu, na kona yake moja ililiwa na mende. Tuliamua kuitafutia fundi, na hapo hapo babu na mjukuu wapigwe picha mpya. Studio tuliyoichagua iko ghorofa ya pili katika jengo moja jirani na Makoroboi. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa kosa walilolifanya walilisahihisha wenyewe.

Kasoro ya kwanza ni ngazi, ambazo ni nyembamba na hazina pa kushika, hivyo mzee mwenye magoti mabovu atapanda kwa kukokotwa kama tulivyomkokota wetu. Mapokezi, hata hivyo, yalinifurahisha. Kijana wa mezani aliweka simu chini, akatoa shikamoo, akaongeza salamu ya Kisukuma, “Mwadila, babu”, kisha akampisha kiti chake, kwa sababu benchi la wateja halina egemeo.

Jambo ninalowasifia zaidi ni subira ya mpiga picha. Kwa siku mbili nyumbani Kisesa, mtoto alikuwa akimwamkia babu yake kwa mbali huku macho yakiwa kwenye ule mkono wa kushoto, ambao hauna kidole cha pete wala cha mwisho. Mbele ya kamera walisimama kama abiria wawili wanaosubiri daladala tofauti. Mpiga picha hakuwalazimisha watabasamu. Aliwakalisha, akaenda kurekebisha taa kwa muda mrefu kuliko taa ilivyohitaji, nami naamini alikusudia. Ndipo mtoto alipouliza, “Babu, vidole vingine viko wapi?”

“Vilibaki Lukaya, wajina.”

Akamweleza kwamba Lukaya ni mji mdogo wa Uganda katika barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, kwamba barabara hiyo inakatiza kwenye kinamasi, na kwamba Machi 1979 walipambana huko na askari wa Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Vidole alivipita haraka. Alichokisimulia kwa kirefu ni mabuti yake yaliyojaa maji, na mtoto akataka kujua yalikauka lini. “Kampala,” alijibu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, yaani baada ya mwezi mzima, na nadhani mtoto alikuwa bado anapiga hesabu hiyo wakati kamera ilipolia. Katika picha, mkono wa kushoto wa babu uko juu ya goti la mjukuu, na mjukuu ameushika.

Kosa lilikuwa kwenye picha ya zamani. Tulipoifuata siku ya tatu, madoa yalikuwa yametoka, kona imejazwa na uso unang’aa, lakini mtoto, ambaye sasa aliujua ule mkono kuliko mtu yeyote pale, aliutazama kidogo akasema, “Mbona hapa babu ana vidole vitano?” Fundi alikiri kwamba alitumia programu ya akili mnemba, nayo ilidhani pengo la vidole ni uharibifu kama ule wa mende. Mimi nilikasirika kuliko Baba mwenyewe. Waliomba radhi, wakairudia upya bila malipo, na kesho yake jioni tuliipata ikiwa sahihi.

Kwa hiyo, anayepeleka picha ya mzee wake aandikishe kwenye risiti kisichopaswa kuguswa, iwe kovu au pengo la jino, na aombe kuiona kwenye kompyuta kabla haijasafishwa. Matengenezo na nakala mbili vilinigharimu shilingi 30,000, na picha mpya pamoja na fremu ya mbao shilingi 25,000. Bei hiyo naiona ya haki, ingawa fremu ni nyepesi na kulabu yake ilichomoka siku tuliyoitundika.

Nilitaka ile nakala yenye kosa ichanwe, lakini Baba alikataa. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akasema anakwenda kuwaonyesha wenzake wa bao kwamba ameshapona.