Pikapu za betri au za kawaida kwa besi ya kwaya?

Mpiga gitaa la besi wa kwaya pale Mwanjelwa, Mbeya, akitaka kubadili mwenyewe pikapu, yaani kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, mabishano huanzia hapo.

Za kawaida ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, basi. Kwa kawaida zinatoka nyaya mbili: mmoja unaenda kwenye kitasa cha volyumu, wa ethi unachomewa mgongoni mwa kitasa hicho. Mgongoni ndiko kwenye kazi. Bati lile hunyonya joto, risasi ya kuchomelea inapoa kabla haijashika, unabaki na kidonge cha rangi ya majivu kinachokwaruza kila ukigusa besi. Lipigeni msasa kwanza. Ubaya mwingine ni mvumo: pikapu za koili (mzunguko wa waya) mojamoja, kama za besi ya Fender Jazz Bass ya 1960, hunasa kelele za umeme, hasa ukipunguza pikapu moja. Pikapu ya Fender Precision Bass iliyogawanywa vipande viwili, ya tangu 1957, imeuzima mvumo huo.

Za betri, mfano za kampuni ya EMG, zimetulia hata chini ya tyubulaiti za kanisani. Lakini zinadai vitasa vya ukinzani wa kilo-omu 25 badala ya 250, soketi ya stereo, na nafasi ya betri ya volti 9, ambayo besi nyingi za bei nafuu hazina. Betri ikifa katikati ya ibada, besi imekwisha.

Mimi ningechukua za kawaida. Ila kama besi ni ya mtindo wa Jazz, pima tundu kabla ya kulipa: mara nyingi pikapu ya upande wa daraja, nyuzi zinapofungwa mwilini, ni ndefu kidogo kuliko ya shingoni.