Bodi ya taa za zidaka: LED zilikuwa nzima, pini ndiyo yenye kigugumizi

Bodi hii haina jina, ni ya kuiga Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu. Nimeinunua kwa shilingi 1,500 kwenye duka moja la Mombasa. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikafika bila mkwaruzo. Nilitaka LED ndogo ndani ya zidaka za ukuta wa shangazi, hapa Mkomani, Lamu, mwanga upande na kushuka polepole kama mtu anavyovuta pumzi usingizini.

Kidaka cha kwanza nilikiunga pini 9 (pini ni tundu la bodi la kuunganishia waya), cha pili pini 8. Cha kwanza raha mustarehe. Cha pili giza, giza, mara kimewaka chote, kisha giza tena. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, taa hiyo ina kigugumizi?"

Nikaishuku LED, nikabadilisha. Nikaishuku rezista ya omu 220, nikabadilisha pia. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningeanza nalo: nyaya mbili zile nikazipishanisha. Kigugumizi kikahamia kidaka cha kwanza. Basi kosa ni la pini.

Nikajitia ujanja, nikahamia pini A0, kwa kuwa nimesikia hizo za A ndizo za analogi, yaani za kiasi cha katikati. Wapi! Kwenye Uno, A0 hadi A5 ni za kupima volti inayoingia, hazitoi kiasi. Na hata pini 9 haitoi nusu ya volti kwa kweli: analogWrite, amri ya programu inayopewa namba 0 hadi 255, huiwasha na kuizima kama mara 490 kwa sekunde (pini 5 na 6 karibu mara mbili ya hapo), na jicho likadhani mwanga umepungua. Pini zinazoweza kazi hiyo ni 3, 5, 6, 9, 10 na 11 tu. Pini nyingine ukiipa namba chini ya 128 inazima, kuanzia 128 inawaka. Hakuna katikati.

Pini hizo sita huwekewa alama ya ~ kando ya namba. Kwenye bodi yangu wino ni hafifu, niliiona kwa tochi ya simu, na karatasi ya maelezo haikuitaja kabisa. Hapo nimepunguza nyota moja.

Nikahamia pini 10, mambo yakanyooka. Shangazi akaona mwendo wa kobe, nikaongeza hatua ya namba ya mwanga kutoka 5 hadi 10, na mwanga ukaanza kudondoka ghafla ukifika juu. Hili langu mwenyewe: kihesabio nilikiandika byte, aina ya namba isiyozidi 255, ikipita hapo huanza tena 0, hivyo 250 ukijumlisha 10 unapata 4. Nikaandika int, aina inayobeba namba kubwa zaidi, na namba ikizidi 255 nairudisha 255 kabla ya kugeuza mwendo.

Nyota nne. Zidaka ni kumi na nne, pini ni sita. Shangazi ameshachagua zipi ziwake.