Wiki sita za saikolojia ya jioni, Mwanga Kigoma

Nauza dagaa Kibirizi, na niliingia darasa hili nikitafuta mbinu za kuwasoma wateja. Shilingi 40,000 kwa wiki sita, Jumanne na Alhamisi jioni, chumba cha juu ya duka la vitenge. Nikajikuta nasomwa mimi.

Somo lililonishika ni dirisha la Johari, mchoro wa kupima unavyojijua na wenzako wanavyokujua. Nilidhani ni johari yetu, kito. Kumbe ni Joe na Harry, yaani Joseph Luft na Harrington Ingham, wanasaikolojia wa Marekani waliolibuni mwaka 1955. Lina vioo vinne: mnachokijua kukuhusu wewe na wenzako, unachokificha, wanachokiona wenzako ila wewe hukioni, na kile kisichojulikana na yeyote. Mwalimu akatupa orodha ya maneno, kila mtu ajichagulie yake, kisha ampelekee mtu wa karibu naye amchagulie. Nilijiwekea "mvumilivu". Mdogo wangu, tunayeanika naye dagaa, neno hilo hakuligusa. Alichagua "mwepesi wa kujitetea". Nilijitetea nusu saa nzima.

Freud, yule wa mawazo yaliyojificha akilini, na mbwa wa Pavlov, waliozoeshwa kudondosha mate kwa ishara kabla ya chakula, tuliwapitia mbiombio. Fotokopi zimefifia, umeme ukikatika kipindi kimekufa na hakifidiwi, na cheti ni elfu kumi nyingine ambayo mwanzoni hawaitaji. Anayetaka kazi ya ushauri nasaha akatafute chuo.

Awamu ya pili nimeshalipia. Mdogo wangu naye anataka kuja. Nimemwambia asubiri kwanza.