Siku tano za kujifunza kuongoza miradi ya historia: uzoefu wangu, Jinja

Muhula wa kwanza mwaka jana nilikusanya miradi ya historia ya kidato cha pili, madaftari 94. Nilipofika daftari la kumi nikaweka kalamu chini. Ukurasa wa kwanza Speke amefika kwenye chanzo cha Nile mwaka 1862, ukurasa wa pili bwawa la Owen Falls limefunguliwa mwaka 1954, ukurasa wa tatu Wahindi wamefukuzwa mwaka 1972. Sentensi zilezile, makosa yaleyale ya tahajia, yote kutoka kijitabu kimoja cha kujisomea kilichozunguka darasani. Mada niliyowapa ilikuwa "Historia ya mji wa Jinja". Sikuwagombeza. Mada yenyewe haikuwa na kitu cha kutafuta, na aliyeitoa ni mimi.

Nafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji. Nimekulia Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, ambako mtoto wa Msoga, wa Mluo, wa Mteso na wa Mnubi walicheza pamoja kwa Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda, uliosomeshwa kuanzia mwaka 2020, umetuletea miradi na tathmini endelevu yenye asilimia 20 ya alama, mtihani wa mwisho ukibaki na 80. Waliofanya mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala huu walikuwa wa mwaka 2024. Kwa hiyo mwalimu wa historia hawezi tena kukwepa miradi. Ila kati ya kuambiwa "waongoze wanafunzi wafanye utafiti" na kujua namna ya kuwaongoza kuna umbali mkubwa, na kwenye umbali huo wengi wetu tumeachwa peke yetu.

Likizo ya Mei nikasikia kuna mafunzo ya siku tano hapa Jinja ya kuongoza miradi ya historia. Ada shilingi laki moja na nusu, chai na chakula cha mchana ndani, nauli na malazi juu yako. Kwa mshahara wa mwalimu wa masomo ya sanaa hiyo si pesa ya kutupa, hasa ukikumbuka kwamba mwaka 2022 walioongezwa mshahara ni walimu wa sayansi, sisi tukabaki palepale. Nililipa kutoka mfukoni mwangu. Tulikuwa walimu 31, wengine wametoka Iganga, Kamuli, Buikwe, na wawili wamepanda basi kutoka Tororo.

Siku ya kwanza nusura nijute. Asubuhi nzima ilikwenda kwenye projekta na maelezo ya mashindano ya wanafunzi ya Marekani yanayoitwa National History Day, yaliyoanzia Cleveland mwaka 1974. Kumbe kule mwanafunzi huchagua namna ya kuwasilisha: insha, maonyesho ya mabango, filamu fupi ya dakika 10, igizo la dakika 10, au tovuti. Anaandika pia maelezo yasiyozidi maneno 500 ya jinsi alivyofanya utafiti wake, na orodha ya vyanzo inayoeleza kila chanzo kilimsaidia nini. Mazuri yote hayo, lakini nilikaa nikiwaza madawati yangu ambayo watoto wanne wanabanana kwenye moja. Jambo moja tu la asubuhi ile lilinishika: kanuni kwamba mwalimu anaruhusiwa kuuliza, haruhusiwi kufanya. Mimi nilikuwa nimezoea kinyume chake: natoa mada, natoa vichwa vidogo, natoa hata hitimisho.

Mchana ndipo kazi ilipoanza. Mwezeshaji, mama mmoja mtulivu aliyefundisha historia miaka mingi, aliandika ubaoni "Reli ya Uganda" akatuambia tuikate mpaka iwe swali. Tukakata. "Umuhimu wa Reli ya Uganda." Akatikisa kichwa. "Faida na hasara." Akatikisa kichwa. Kisha akatupa masharti matatu ambayo nimeyabandika ukutani kwangu. La kwanza: swali liwe na majibu ambayo mtoto anaweza kuyafikia kwa miguu, au kwa bodaboda ya elfu mbili. La pili: kuwe na vyanzo viwili visivyotegemeana. La tatu, hili ndilo lililonyamazisha chumba: mwalimu mwenyewe asiwe analijua jibu.

Tulibishana saa nzima juu ya hilo la tatu. Mwalimu mmoja alisema waziwazi kwamba akienda darasani na swali asilolijua, watoto watamdharau. Mama yule hakumkatiza. Alimwuliza tu, "Mwalimu, kama jibu unalo tayari, mtoto anatafuta nini?" Mwishowe kundi letu lilifika hapa: kabla reli haijafika Kampala mwaka 1931, mizigo ilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, na tangu mwaka 1912 ile iliyokuwa ikienda kaskazini ilipanda reli ndogo ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali. Je, waliokuwa wakibeba mizigo gatini Jinja walikwenda kufanya kazi gani baadaye? Hakuna aliyejua kati yetu sote 31. Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Siku ya tatu ndiyo ningelipia hata peke yake. Tulipelekwa Mpumudde, kilima kilichopo hapa Jinja. Kila mwalimu wa historia Uganda husomesha habari za Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro: jinsi alivyopigana na Waingereza, jinsi jeshi lililoongozwa na Semei Kakungulu lilivyomkamata Kangai, huko Lango, Aprili 1899 pamoja na Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, jinsi walivyopelekwa Visiwa vya Shelisheli. Mwanga akafia huko mwaka 1903. Kabalega akaruhusiwa kurudi mwaka 1923, akiwa mzee, na hakufika kwao. Alifia hapahapa Jinja, Mpumudde, mwezi Aprili, akazikwa Mparo, Hoima. Nimepita chini ya kilima hicho tangu utotoni nikienda sokoni. Sikuwahi hata mara moja kupandisha darasa langu pale.

Tukapanda tukiwa na daftari na swali moja la mama yule: "Umejuaje?" Kila tulipotaja jambo, aliuliza hivyo. Jina la kilima linaeleweka kwa msemaji wa Kisoga au Kiganda: nimepumzika. Basi sote tukasema kilima kimepewa jina kwa sababu Kabalega alipumzika pale. Umejuaje? Je, jina halikuwepo kabla? Nani alisema, na alikuwa wapi wakati huo? Tukazungumza na wazee wawili wanaoishi jirani. Jaja wa kwanza alituambia Kabalega alikufa kwa uchungu baada ya kuambiwa hatarudishiwa kiti chake. Wa pili alisema ni uzee na safari ndefu tu. Mwalimu mwenzangu akataka tuamue nani mkweli. Mwezeshaji akasema tusiamue bado, kwanza tuandike kila mzee amesikia kwa nani. Jaja wa kwanza alisikia kwa baba yake. Wa pili alisikia kanisani. Hapo nikaelewa kitu ambacho sikuelezwa chuoni: tofauti ya masimulizi nayo ni habari, inakuonyesha hadithi ilipita njia gani hadi ikakufikia.

Kuna somo jingine la siku ileile ambalo nalitumia kila wiki. Wazee walizungumza Kisoga wakichanganya na Kiswahili, sisi tukaandika kwa Kiingereza moja kwa moja kama tulivyozoea. Jioni tulipolinganisha daftari, neno moja la jaja lilikuwa limetafsiriwa kwa namna nne. Tangu hapo kanuni ni moja: andika kwanza alivyosema, kwa lugha aliyosemea, tafsiri baadaye. Kwa sisi walimu wa Kiswahili hii ni neema. Kiswahili kilipitishwa na baraza la mawaziri kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na bado wapo wanafunzi wanaokiona ni somo la mtihani tu. Mtoto anayemhoji mzee wa Walukuba kwa Kiswahili, akaandika maneno yake kama yalivyo, hahitaji tena kuambiwa lugha hiyo inamfaa nini.

Siku ya nne ilikuwa ya picha. Tulioneshwa baadhi ya picha za enzi za Idi Amin kutoka kwenye hazina ya negativi zipatazo 70,000 zilizopatikana kwenye shirika la utangazaji la taifa, ambazo sehemu yake ilioneshwa kwenye Jumba la Makumbusho Kampala mwaka 2019. Mikutano, gwaride, watu wakipiga makofi. Mpigapicha alikuwa mtumishi wa serikali. Swali likawa: nani hayumo kwenye picha hii? Mwalimu mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma yangu alitoka nje, akakaa chini ya mwembe kwa muda mrefu. Alirudi, akasema ndugu wa baba yake alichukuliwa na hakurudi. Hatukuwa na la kusema.

Na hapa ndipo naanza kasoro, kwa sababu hii ni kubwa kuliko zote. Mafunzo hayakutuandaa kwa maumivu. Historia yetu ya karibuni imo ndani ya nyumba za watoto tunaowatuma kuhoji. Ukimwambia mtoto akamwulize bibi yake juu ya mwaka 1972 au vita vya miaka ya themanini, hujui bibi atafungua nini. Tulihitaji angalau nusu siku ya kujifunza namna ya kuomba ruhusa, namna ya kuacha swali mzee akinyamaza, na nini cha kumfanyia mtoto anayerudi na habari nzito. Tulipewa fomu ya ukurasa mmoja ya ridhaa, kwa Kiingereza, basi.

Upungufu huo niliulipia mwenyewe muhula uliofuata. Kidato cha tatu tuligawa makundi ya watano watano, na kundi moja likachagua majengo ya barabara kuu ya mjini, yale ya zamani yenye jina la mwenyewe na mwaka juu kabisa ya ukuta. Swali lao: duka hili lilijengwa na nani, na baada ya mwaka 1972 likawa mikononi mwa nani? Swali zuri, linatimiza masharti yote matatu. Lakini tangu Amin alipowapa Wahindi siku 90 za kuondoka, habari ya nani ana haki ya jengo lipi haijawahi kuwa jambo dogo katika mji huu. Mwenye duka mmoja alipoona watoto wa sare wanaandika mwaka wa jengo lake na kuuliza jina la mmiliki, alidhani wametumwa na mtu anayetafuta hati. Akawafukuza kwa ukali, binti mmoja akarudi shuleni analia. Nilikwenda mwenyewe kesho yake, nikaamkia, nikaeleza, nikaomba radhi. Alipoa. Sasa hakuna mwanafunzi wangu anayetoka bila barua yenye muhuri wa shule, kwa Kiswahili na Kisoga, na mimi natangulia kupita.

Kundi hilo halikukata tamaa. Walimpata mzee aliyefanya kazi kiwanda cha nguo, akawaambia duka fulani lilijengwa baada ya bwawa, pesa ilipokuwa nyingi mjini. Mwaka uliochongwa juu ya jengo ni wa kabla ya bwawa. Binti yuleyule aliyelia akanijia na daftari: "Mwalimu, nani amekosea, mzee au ukuta?" Nikamwambia sijui. Nilimwambia kweli, na uso wake ulivyobadilika sitausahau. Wiki mbili baadaye walirudi na wazo kwamba ukuta unasema mwaka duka lilipoanza na mzee anakumbuka ghorofa ilipoongezwa, wakaenda kutazama rangi ya matofali ya nyuma.

Kasoro nyingine nitazitaja haraka. Mifano mingi ilidhani mwanafunzi ana simu ya kurekodi, ilhali shuleni kwetu simu kwa wanafunzi ni marufuku. Sisi tunahoji kwa jozi, mmoja anauliza mwingine anaandika. Ilidhaniwa pia kuna intaneti na maktaba. Hifadhi ya taifa ya nyaraka iko Wandegeya, Kampala, na sina nauli ya kupeleka hata watoto kumi. Jedwali la kutoa alama lilikuwa na vipengele 18. Kwa wanafunzi 94 huwezi kulala. Nimelipunguza likabaki na vinne, na kimoja kati ya hivyo ni "Umejuaje?" Na baada ya siku tano hakuna aliyetufuata. Tuliahidiwa kutembelewa madarasani, muhula ukaisha bila mtu kufika. Kundi la WhatsApp tulilifungua wenyewe walimu, na ndilo linalotusaidia.

Ningemshauri mwalimu mwenzangu alipe? Ndiyo, kwa siku ya kwanza mchana, ya tatu na ya nne. Kama unaishi karibu na waliohudhuria, waombe wakupandishe nao kilima bila malipo. Ninaweza kufanya hivyo kwa yeyote aliye Jinja. Kama una darasa kubwa, anza na kundi moja au mawili kwanza, mengine yaendelee na kazi ya kawaida, la sivyo utachoka wiki ya pili na kurudi kwenye kijitabu.

Awamu ya pili nasikia itakuwa likizo ijayo, na nimeshaandika jina. Nimewaandikia waandaaji niombe siku moja ya kuzungumzia wazee wanaonyamaza. Hawajajibu bado. Swali la wapagazi wa gatini nimelipa kidato cha pili cha mwaka huu, na Jumamosi hii watano wao wanakwenda Masese kumwona jaja anayesemekana baba yake alibeba magunia pale.