Usukani wa kuning'inia kwenye chombo kinacholala mchangani: uzoefu wangu

Hakuna aliyeniuliza chombo changu kinalala wapi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma mpaka leo. Karakana ile ya Dar es Salaam, niliyoilipa fedha nyingi kwa ushauri na kwa usukani mpya, ingeuliza swali hilo moja tu kabla ya kushika kalamu, nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Chombo chenyewe ni jahazi la mbao lenye injini, linalovusha saruji, mabati na unga kutoka Tanga kwenda Pemba. Usukani wake wa zamani ulikuwa wa mvule, mpana, umeshikwa kwa bawaba kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, na bapa lote, ule ubao mpana unaosukumwa na maji, liko nyuma ya bawaba. Usukani wa namna hiyo hauna mizani: maji yote yanausukuma upande mmoja, na baharia aliyeshika kana, ule mpini wa kugeuzia usukani, hupigana nao kwa mikono miwili na kifua. Msimu uliopita wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mmoja wa vijana wangu aliumia bega kwa kazi hiyo, nami nikaona wakati umefika wa kutafuta usukani mwepesi.

Lazima niseme haki ya mafundi wa karakana ile. Walipima urefu wa chombo na kina chake majini, wakazidisha, wakanieleza kwamba meli za mizigo za safari ndefu huridhika na bapa lenye eneo la karibu asilimia 2 ya hesabu hiyo, ilhali vyombo vidogo vinavyogeukageuka bandarini huhitaji zaidi. Waliacha kama sehemu moja ya tano ya bapa mbele ya mhimili, yaani mti wa chuma unaoushika na kuugeuza usukani, ili maji yanayosukuma sehemu ya mbele yasaidie kuigeuza ile ya nyuma. Hesabu hizo zilikuwa sahihi, na miezi ya mwanzo niliwasifu kwa kila nahodha niliyekutana naye. Kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka usukani wa meli kubwa ukiwa katika mwendo kasi utoke nyuzi 35 upande mmoja hadi nyuzi 30 upande wa pili ndani ya sekunde 28. Wangu, tukitoka taratibu gatini, kijana aliuzungusha kwa mkono mmoja huku akizungumza na wenzake. Bandarini Tanga jahazi liligeuka karibu pale pale liliposimama. Nilifurahi kweli.

Miezi hiyo mzigo wetu mwingi ulikuwa wa Mkoani, bandari ya Pemba ambako kuna gati lenye maji. Kisha tukapata mzigo wa Wete, bandari nyingine ya Pemba, wakati wa bamvu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida.

Katika pwani yetu maji ya bamvu hupanda na kushuka karibu mita 4, na vyombo vya mbao vimezoea kulala humo humo: maji yakitoka, chombo hukaa juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wake wa chini, kikaegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukizuia kisianguke, mzigo ukashushwa kwa miguu. Usukani nilioundiwa ulikuwa wa kuning'inia, yaani umeshikwa juu tu na mhimili wake, chini hauna kinachoukamata, na ncha yake ilishuka kama shubiri moja chini ya mkuku. Basi kitu cha kwanza kugusa ardhi usiku ule kilikuwa usukani. Nilikuwa nimelala juu ya magunia nikasikia mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta sufuria tupu sakafuni, kisha kimya, kisha mlio mmoja mfupi wa chuma.

Asubuhi maji yalipojaa usukani uligeuka, kwa ugumu kidogo, nikadhani ni mchanga. Katikati ya Mkondo wa Pemba, tukirudi Tanga na mawimbi ya kusi yakitupiga ubavu wa kushoto, ukakwama ukiwa umeelekea kulia na haukurudi tena. Mhimili ulikuwa umepinda. Tulifunga mapipa mawili kwenye kamba, tukayaburuta upande wa kushoto ili kuvuta omo, yaani mbele ya chombo, na kwa namna hiyo tukaenda mpaka jioni, watu saba wakiomba Mungu.

Niliupakia mhimili ule kwenye basi, kisha kwenye mkokoteni, mpaka mlangoni kwa karakana ile ya Dar es Salaam. Kijana niliyemkuta hakuinuka kitini. Aliutazama pale chini akasema, "Mzee, ninyi watu wa majahazi mnakwamisha vyombo, halafu mnatafuta wa kumlaumu." Nikamwambia, mwanangu, chombo changu hakikukwama, kililala, kama vinavyolala vyombo vyote vya Wete. Akajibu kwamba usukani ni kitu kidogo tu, utanyooshwa. Kitu kidogo! Mwaka 1978 meli ya Amoco Cadiz iliharibikiwa na mitambo ya usukani, ikaishia kwenye miamba ya Ufaransa, na zaidi ya tani 200,000 za mafuta zikamwagika baharini. Mtu anayeuza usukani hana ruhusa ya kuuita kitu kidogo.

Nilikusudia kuandika kwamba usukani wa kuning'inia usinunuliwe na yeyote. Hilo lisingekuwa kweli. Kwa boti za abiria ziendazo kasi, zinazofungwa gatini kwenye maji ya kutosha mwaka mzima, huenda hakuna ulio bora kuliko huo. Lakini usukani usioshikwa chini huutwika mhimili kazi mbili, kusokotwa na kupindwa, kwa hiyo mhimili wake lazima uwe mnene zaidi. Wangu, nilipoupima baadaye, ulikuwa na unene ule ule wa mihimili ambayo hushikwa juu na chini. Kumbe hata kwa chombo kisichogusa ardhi nisingeuamini. Hapo ndipo ninaporudi kusema: kwa karakana ile, hata mwenye chombo cha gatini asinunue.

Sasa nina usukani uliotengenezwa na fundi wa Tanga. Amerefusha ulimi wa chuma kutoka kwenye mkuku, ukapita chini ya rafadha, ile panga ya injini inayosukuma chombo, na kuukamata mhimili kwa chini, na bapa linaishia juu ya usawa wa mkuku. Sehemu ya mbele ya mizani ameiacha. Ni mzito kidogo kuliko ule, na siku bandari ikisongamana nautamani wepesi wa ule wa kwanza, sikatai. Umelala Wete bamvu nne bila neno.

Mhimili uliopinda ninao bado. Fedha yangu sijarudishiwa, na yule kijana hajaniomba radhi.